Baada ya Kiinua Mgongo: Matendo ya Kila Siku na Kusudi la Maisha

Mada kwa semina ya watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu



Ratiba mliyopewa mlangoni imejaa mambo ya fedha: mafao yanavyokokotolewa, matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa wa mfuko wa pensheni, ufugaji wa kuku, nyumba za kupangisha, bima ya afya. Sina ugomvi nayo. Mtu anayestaafu bila kujua pensheni yake ya mwezi itakuwa kiasi gani anajitafutia shinikizo la damu. Lakini waandaaji wameniomba nizungumzie jambo lisilo na fomu wala dirisha la malipo. Asubuhi ile ya kwanza ambayo huna ofisi ya kwenda, utaamka kwa ajili ya nini?

Kwa sheria yetu ya Tanzania mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Wengi wenu mmekaa kazini miaka thelathini au zaidi. Muda wote huo swali la kusudi la maisha lilijibiwa na mwajiri. Alikupa saa ya kufika, akakupa cheo na kiti, na zaidi ya vyote akakupa watu: mgonjwa aliyekusubiri dirishani, mwanafunzi aliyekuogopa, mwananchi aliyekuja mara ya tatu kuulizia faili lake. Siku ya kustaafu ikifika, watu hao anakabidhiwa mwingine. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa muda mrefu, na niliowaona wakinyong'onyea baada ya kustaafu si wote waliokuwa maskini. Wapo waliokuwa na nyumba mbili na mashine ya kusaga, na bado walishinda barazani wakingoja apite mtu wa kuwaita kwa cheo walichokwisha kukiacha.

Hoja yangu ni kwamba kusudi la maisha halipatikani kwa kukaa peke yako ukijiuliza wewe ni nani. Linajengeka pale watu wengine wanapoanza kukutegemea kwa jambo fulani, hata liwe dogo, nawe ukalifanya leo, kesho na mtondo. Siku hizi wahamasishaji wamejaa redioni na kwenye kumbi za hoteli. Wanawaambia watu wajitambue, waandike maono yao, wajiepushe na wote wanaowarudisha nyuma. Baadhi ya ushauri huo ni mzuri. Ule wa kujiepusha na watu ndio unaonitia shaka, kwa sababu anayefuata maagizo hayo kikamilifu hubaki na daftari zuri la maono na hana wa kumfanyia lolote kati ya hayo aliyoandika.

Daktari aliyeghairi kutoroka

Mfano wangu wa kwanza ni Viktor Frankl, aliyezaliwa Vienna mwaka 1905, akawa daktari wa magonjwa ya akili. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, mwaka 1942 Wanazi walimkamata pamoja na mkewe na wazazi wake wakawapeleka Theresienstadt. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz, kisha kwenye kambi ndogo zilizokuwa chini ya Dachau. Baba, mama na mke wote walifia kambini. Kitabu alichokitoa mwaka 1946 kimesomwa dunia nzima, na kwa kawaida wasomaji hukinukuu kwa yale maneno yake mazito kuhusu mateso. Mimi leo nachukua tukio dogo ambalo wengi hulipita haraka.

Vita vilikuwa vinakaribia mwisho. Frankl alikuwa amejitolea kuhudumia wafungwa waliougua homa kali iletwayo na chawa, na dawa zilikuwa kama hakuna. Yeye na mwenzake wakapanga kutoroka. Kabla ya kuondoka akapita mara ya mwisho kuwaona wagonjwa wake. Mmoja wao, mtu wa kwao Austria aliyekuwa mahututi, akamuuliza kwa sauti ya uchovu kama naye anaondoka. Frankl akakana, lakini swali lile halikumwacha. Akarudi kwa mwenzake akamwambia haendi. Anasimulia kwamba papo hapo ile fadhaa iliyokuwa ikimsumbua ikatoweka, akarudi kukaa karibu na mgonjwa akiwa na utulivu ambao hakuwahi kuuhisi kabla. Aliachiwa huru Aprili 1945.

Hakuwa na uwezo wa kumponya mgonjwa yule. Alichoweza ni kubaki. Baadaye alifundisha kwamba mtu huiona maana ya maisha kwa kazi anayoifanya, kwa kumpenda mtu mwingine, au kwa namna anavyoyabeba mateso asiyoweza kuyaepuka. Alisisitiza pia kwamba maana hiyo iko duniani, nje ya mtu, na anayejichungulia ndani ataitafuta asiione. Mtu aliyeyajua hayo akiwa na utapiamlo kambini anastahili kusikilizwa na sisi tunaolalamika kwamba kikotoo cha mafao kimebadilika. Na kikotoo kweli kina mambo yake, nakubali, ila hilo waachieni wenzangu wa mchana.

Kupe, kuni na miti saba

Mfano wa pili uko karibu na nyumbani. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akawa mhadhiri wa anatomia ya mifugo. Alikuwa akienda vijijini kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali. Akiwa huko akaona mambo ambayo hakutumwa kuyaona: mito imegeuka rangi kwa udongo, ng'ombe wamekonda, vilima vimebaki vipara. Kisha, katika vikao vya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, akawasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao. Kuni ziko mbali. Maji si safi. Chakula cha watoto hakitoshi.

Wakati huo hakuwa na maono ya kuwa mama wa miti wa Afrika. Alikuwa amesikia kero za wenzake, naye akatafuta jibu ambalo wao wenyewe wangeweza kulifanya kwa mikono yao. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na kutoka hapo ukakua mtandao wa wanawake waliootesha miche na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Wataalamu wa misitu walitilia shaka kwamba wanawake wasio na vyeti wangeweza kazi hiyo. Waliiweza. Tuzo ya Amani ya Nobel ilikuja mwaka 2004, miaka 27 baadaye, na katikati yake kulikuwa na vipigo, mahabusu na matusi.

Sitaji tuzo ili mtamani tuzo. Nataka mwone mpangilio wa mambo: masikio yalitangulia, mikono ikafuata, na jina la kazi ya maisha yake likaja nyuma kabisa.

Meza ya karani wa mahakama

Sasa niwaletee mtu ambaye hakuna gazeti litakalomwandika. Namfahamu mzee mmoja aliyekuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo katika mji mmoja wa mkoa wa Tanga. Alipostaafu alifungua duka la vifaa vya shule, likafa. Akaanza kuwaza kuhama, arudi kijijini kwao. Kabla hajahama, jirani yake akafariki, akaacha mjane, watoto, kiwanja na akiba kidogo benki. Mjane alipokwenda benki akaambiwa alete barua ya usimamizi wa mirathi. Hakujua hicho ni kitu gani. Shemeji zake walikijua vizuri mno.

Mzee akamwita barazani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu, kaa. Muhtasari wa kikao cha ukoo ameandika nani?”

Hakukuwa na kikao wala muhtasari. Basi akamweleza hatua kwa hatua. Kwanza cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi. Kisha kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi, waliohudhuria waandike majina na kutia saini. Kisha maombi mahakamani, na tangazo la kumpa nafasi mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akiteuliwa anawajibika kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Halafu akamwambia jambo ambalo mjane yule hakuwahi kulisikia: msimamizi hageuki kuwa mwenye mali, amepewa dhamana tu, na hakuna sheria inayomzuia mjane kuwa msimamizi yeye mwenyewe.

Hakutoza senti. Hakwenda kumsemea mahakamani, maana yeye si wakili. Alimwandikia hatua zile kwenye karatasi ya daftari, akamsindikiza kwa mwenyekiti wa mtaa. Habari ikafika sokoni, ikafika msikitini na kanisani. Leo barazani kwake pana meza na viti vya plastiki, na wanaokuja si wajane tu: yupo kijana aliyeuziwa kiwanja bila mkataba wa maandishi, yupo bibi anayedaiwa mkopo asiouelewa. Nilimuuliza kama anaona sasa amepata kusudi la maisha yake. Akacheka. Akaniambia Alhamisi hawezi kwenda shamba kwa sababu kuna watu wanakuja. Hakuongeza neno, nami sikuona haja ya kumdodosa.

Angalieni alichokitumia. Ujuzi ule wa fomu na mihuri alikuwa ameushika kwa miaka mingi hata akauona ni wa kuchosha. Kwenu ninyi hapa, muuguzi anajua kumsomea mgonjwa wa kisukari dozi iliyoandikwa kwenye karatasi asiyoielewa. Mhasibu anayekagua vitabu vya kikoba cha mtaa wake kila mwisho wa mwezi anazuia ugomvi ambao ungevunja undugu wa miaka. Mwalimu wa hisabati hahitaji nielezee. Na asiye na ujuzi wa kuonyesha bado ana miguu ya kumfikisha wodini na chungu cha uji, na masikio ya kumsikiliza aliyefiwa baada ya maturubai kukunjwa na wageni kuondoka. Dini zetu hazikuliacha hili. Mwislamu anafundishwa kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni sadaka, na Mkristo anamjua yule Msamaria aliyesimama wakati wenye vyeo walipita kando.

Ninachokiwekea mkazo ni kurudia. Ahadi ya laki tano kwenye harambee, inayotangazwa kwa kipaza sauti na kulipwa nusu, haimjengi mtu. Wala magodoro yanayokabidhiwa mbele ya kamera. Misaada hiyo inaweza kuwafaa wapokeaji, na ije tu. Ila haimpi mtoaji mtu wa kumtarajia Alhamisi ijayo, na hicho ndicho mstaafu anachokikosa kuliko fedha.

Neno kwa wanaotoa kupita kiasi

Hapa kuna jambo ambalo mada za namna hii hulifunika, nami sitaki kulifunika. Mama anayestaafu leo saa tisa na nusu alasiri, saa kumi anakabidhiwa wajukuu. Amepika na kuuguza tangu akiwa binti wa miaka kumi. Ukimsimamia mbele ukamwambia kwamba kusudi la maisha linapatikana kwa kuwatumikia wengine, umemwongezea mzigo na kuupamba kwa maneno mazuri. Kwake yeye mambo yanageuka: wanaopaswa kutenda ni sisi wengine. Mume aliyestaafu naye ana mikono ya kuosha vyombo na miguu ya kumpeleka mjukuu shule. Nimeona wanaume waliopata urafiki na watoto wao baada ya miaka sitini, kwa sababu tu walianza kwenda kumchukua mjukuu shuleni kila siku. Huo nao ni utumishi, na hauhitaji kikao cha kuuzindua.

Pia, kutenda wema hakumaanishi kugawa mkupuo wako. Ndugu watakuja, na kila mmoja atakuwa na shida ya kweli au ya kubuni. Mpe mtu muda wako, mpe ujuzi wako, mpeleke anakotakiwa kwenda. Fedha ya kiinua mgongo kaeni kwanza mwamue nyumbani, mke na mume. Mstaafu aliyefilisika ndani ya mwaka mmoja kwa ukarimu anakuwa mzigo kwa walewale aliotaka kuwasaidia. Na usiwe mzee wa kuingilia kila jambo la mtaa kwa sababu una nafasi. Ngoja uulizwe, au uulize kwanza.

La mwisho ni la muda. Wengi husema wataanza wakishastaafu. Walioanza wakiwa bado kazini, hata kwa saa moja kila Jumamosi, ndio ninaowaona wakivuka mwaka wa kwanza bila kutetereka, kwa kuwa watu wao wanawajua tayari kwa jina bila cheo. Kama umebakiwa na miezi sita, anza wiki hii.

Naomba basi, kabla ya chai, kila mshiriki ageuze ratiba yake, na nyuma yake aandike kazi moja anayoijua, mtu mmoja asiye wa familia yake anayeihitaji, na siku ya juma atakayokwenda kwake. Mwonyeshe aliyekaa pembeni yako, akuulize tutakapokutana tena. Maofisa wa mfuko wataingia saa tano, na wameomba kila mmoja awe na namba yake ya uanachama mkononi.