Mkutano Uliofanyika Kabla ya Ripoti

Leo tuko Lamu. Septemba 2016, mamlaka ya mazingira nchini Kenya, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050. Wanakijiji na wavuvi walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo.

Kwa nini? Mikutano ilifanyika, tena watu walihudhuria. Lakini iliitishwa kabla ripoti ya athari kwa mazingira haijakamilika. Sasa mvuvi angeulizaje habari za majivu, au maji ya moto yatakayomwagwa baharini, ilhali hakuna aliyemwonyesha karatasi? Hapo, kwa maoni yangu, wananchi walipewa soda na salamu tu.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye baraza la mradi, uliza kwanza: ripoti iko wapi, na nani atatufafanulia kwa Kiswahili? Maoni yako yaandikwe, ubaki na nakala. Na leseni ikitolewa nawe hujaridhika, sheria ya Kenya inakupa siku 60 kukata rufaa. Usingoje matingatinga.