Kisiwa Kisicho na Mtu na Majina ya Nchi Yenye Watu



Kaskazini kabisa mwa funguvisiwa la Franz Josef, katika bahari ya Urusi, kuna kisiwa kiitwacho Rudolf. Eneo lake ni kilometa za mraba 300 hivi, na karibu lote limefunikwa na barafu. Rasi yake ya Fligely iko kwenye latitudo ya digrii 81 na dakika 50. Ukiivuka hukanyagi tena nchi kavu hadi Ncha ya Kaskazini, umbali wa kilometa 900 na ushei.

Julius Payer alifika huko Aprili 1874 na msafara wa Austria na Hungaria. Hakuwapo mwenyeji wa kuulizwa, basi akakiita kisiwa kwa jina la mrithi wa ufalme wao, na ghuba yake akaiita Teplitz, mji wa kwao. Kwa hilo sina ugomvi naye.

Machi 1888 wavumbuzi Teleki na von Höhnel, nao wa ufalme ule ule, wakafika kwenye ziwa kubwa la kaskazini mwa Kenya. Waturkana walikuwa wakichunga kandokando yake, Waelmolo wakivua. Nalo likaitwa Rudolf! Ziwa la jirani likapewa jina la mke wa mrithi huyo, Stefanie, binti wa Leopold wa Pili, yule yule aliyeigeuza Kongo kuwa mali yake. Rudolf akafa Januari 1889 bila kukanyaga kisiwa wala ziwa. Kenya ililiita Turkana mwaka 1975.

Luigi, Duke wa Abruzzi, alikaa majira ya baridi ya 1899 katika Ghuba ya Teplitz. Mwaka 1906 akapanda Ruwenzori, mpakani mwa Kongo yetu na Uganda, na kilele cha mita 5,109 akakiita Margherita, jina la malkia mjane wa Italia. Wakonzo waliombebea mizigo walikuwa na majina ya milima yao.

Hoja yangu ndiyo hii: desturi iliyofaa barafu isiyo na mtu ililetwa kwetu, na sisi tukahesabiwa kama hatupo. Likasi ikawa Jadotville, Lubumbashi ikawa Élisabethville.

Miji imerudishiwa majina kwa amri ya serikali. Vijito, vilima na mabonde havingojei amri. Majina yake yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Kwa hiyo naomba kila mwanafunzi anayekwenda uwandani achukue daftari na kipimo cha GPS. Aulize wazee wa vijiji mbalimbali, mmoja mmoja. Aandike jina kama linavyotamkwa kwa Kisanga, lugha ya wazee wetu, nani kalitaja, na kama ni kijito, kinaanzia wapi na kumwagikia wapi. Wakitofautiana, ayaandike majina yote.

Ramani itakayotoka hapo itakuwa na wenyewe. Tuianze muhula huu.