Mahindi Yamekomaa, Mvua Bado Ipo: Hali ya Hewa Kuanzia Agosti Hadi Novemba

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa Kapsoya, Eldoret

 

Kila siku saa tatu asubuhi, katika kituo cha hali ya hewa kilichoko hapa Kapsoya, mtumishi wa Idara ya Hali ya Hewa husoma maji yaliyokusanyika kwenye kipimo cha mvua tangu saa tatu ya jana yake. Hesabu hiyo huandikwa kwa milimita. Kwa wengi, milimita ni neno la redioni tu, lakini maana yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Basi mvua ya milimita 20, ambayo ni ya alasiri moja tu ya Agosti, huangusha kama lita 80,000 kwenye ekari hiyo. Mtu aliyeanika mahindi kwenye turubai anapaswa kuikumbuka hesabu hiyo.

Wakazi wengi wa Kapsoya wanaishi mtaani lakini shamba liko Moiben, Ziwa, Ainabkoi au Moi's Bridge. Shamba huenda likatembelewa Jumamosi peke yake. Kwa hiyo hasara ya mavuno mara nyingi huanzia kwenye uamuzi uliofanywa mjini: siku ya kuvuna ilipangwa kwa kalenda na nafasi ya lori, bila kuangalia utabiri. Hilo ndilo jambo la leo.

Kwanza, mvua hii inatoka wapi? Katika taarifa za Idara, Uasin Gishu huwekwa kundi moja na nyanda za juu za magharibi mwa Bonde la Ufa na eneo la Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea nyanda za juu. Mwezi wa Julai na Agosti huongezeka upepo mwingine wa magharibi unaoleta unyevu kutoka upande wa Kongo. Hewa hiyo ikipanda hadi huku, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupoa na kuwa mawingu mazito. Ndiyo sababu asubuhi ya Eldoret huweza kuwa na jua zuri, na kufikia saa tisa alasiri radi zinalia.

Kaunti hii hupata kati ya milimita 900 na 1,200 za mvua kwa mwaka. Julai na Agosti ni miezi yenye mvua nyingi. Septemba mvua hupungua, na hapo ndipo mkulima hudanganyika. Jua la wiki mbili linapowaka, hudhani msimu umekwisha. Lakini Oktoba hadi Desemba ni msimu wa mvua za vuli katika sehemu kubwa ya Kenya, na mvua hizo hufika huku pia. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kuvuna mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili, kwa kuwa mbegu za nyanda za juu, kama vile H614, huchukua miezi 6 hadi 8 kukomaa.

Si kila mwaka vuli huwa kali. Bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida, hali inayoitwa El Niño, mvua za vuli za Afrika Mashariki huelekea kuongezeka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na tena 2023. Mwaka 2019 chanzo kikubwa kilikuwa Bahari ya Hindi: upande wa Afrika ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua ikanyesha kwa wingi hadi Desemba, na wakulima wa ukanda huu wakavuna mahindi kwenye matope. Kinyume chake, mwaka wa La Niña vuli huweza kuwa haba.

Utabiri wa vuli hutolewa kabla ya Oktoba, baada ya wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika kukutana chini ya kituo cha kanda cha ICPAC na kulinganisha hali ya bahari. Unaposikia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 55 wa mvua kuzidi wastani, haina maana kwamba itanyesha kila siku. Bila dalili yoyote, kila hali kati ya tatu, yaani mvua nyingi, ya kawaida au chache, ingekuwa na asilimia 33. Asilimia 55 ni kusema kwamba mizani imeelemea upande wa mvua nyingi. Utabiri wa msimu ni wa kupanga turubai, magunia na fedha za kukaushia. Siku ya kuvuna huamuliwa kwa utabiri wa wiki, ambao Idara huutoa kwa kila kaunti.

Pili, unyevu huharibu nini? Hindi limekomaa punje inapoonyesha doa jeusi kwenye kitako chake, pale inaposhikana na gunzi. Wakati huo punje ingali na unyevu wa asilimia 30 au zaidi. Bodi ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Safari ya kutoka 30 hadi 13.5 ndiyo inayoliwa na mvua. Mahindi yaliyosimamishwa kwa matita shambani hulowa tena, na yaliyowekwa ghalani yakiwa mabichi hupata joto na kuota kuvu.

Kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Nyanda za juu zina baridi kuliko huko, lakini gunia lililofungwa likiwa na unyevu hutengeneza joto lake lenyewe. Mahindi yaliyooza yasipewe watoto, na yasipelekwe kwa ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Asiye na kipima unyevu atumie chumvi. Tia chumvi kavu kidogo kwenye chupa safi ya kioo iliyokauka, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayako tayari kwa ghala. Isiposhikamana, yamekaribia, na kipimo cha mashine kihakikishe kabla ya kuuza.

Wengine hukwepa mashine za kukausha wakisema zinapunguza kilo. Hesabu ni hii: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 18 za maji. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki kilo 83 hivi. Kilo 7 zilizopotea ni maji, na mnunuzi yeyote mwenye kipimo hatazilipia. Kinachobaki ni chakula kinachoweza kukaa hadi bei ipande.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza vibarua na lori, sikiliza utabiri wa siku saba. Zikionekana siku nne au tano kavu, vuna na upukuchue. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, na kunja kabla ya saa nane mchana, mawingu yasijakuta. Kama wiki nzima ni ya mvua, uliza mapema kuhusu nafasi ya mashine za kukausha, kwa maana foleni hurefuka kila mtu anapovuna kwa pamoja. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kushauri kulingana na shamba lako.

Tatu, mtaani. Maji yanayoshuka kwenye mitaro ya Eldoret hayaishii hapa. Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia hufika Budalangi kabla ya kumwaga ziwani. Watu wa Budalangi wamehama makwao mara nyingi kwa sababu ya mafuriko ya mto huo. Mfuko wa plastiki unaoziba mtaro hapa hufurisha nyumba ya jirani kwanza, kisha husafiri. Zibueni mitaro sasa, mvua ikiwa imepungua.

Na radi ikilia chini ya nusu dakika baada ya kuona umeme, ingia ndani ya nyumba. Usijikinge chini ya mti. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Watoto wanaotoka shule alasiri waambiwe hivyo hivyo.

 Mavuno mema, na yakauke vizuri.