KWAYA IEZEKE PAA

Maneno ya Katibu wa Vijana mbele ya wanachama wa tawi



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza: fedha za tawi zinunue sare za kwaya, na huku paa la darasa linavuja? Nakiri kwamba aliyeomba sare hizo ni mimi. Leo nimekuja kumjibu.

Huko Nashville, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1866 shule iitwayo Fisk, kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Kufika mwaka 1871 ilikuwa imezama katika deni. Mtunza hazina wake, George White, akatoka na wanafunzi 9 kwenda kuimba. Wengi wao walizaliwa watumwa. Nguo zao zilikuwa haba, na hoteli nyingine ziliwafungia milango kwa sababu ya rangi yao.

Mwanzoni waliimba nyimbo za Wazungu, wakapata fedha kidogo. Nyimbo za wazazi wao, zile za utumwani, waliona haya kuzitoa mbele za watu. Walipozitoa, wasikilizaji walilia, na fedha zikaingia. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Kwa fedha za safari zao likajengwa jumba la Jubilee Hall, lililofunguliwa mwaka 1876, nalo limesimama hata leo.

Mfano ule ulivuka bahari. Mwaka 1890 kundi la Mmarekani mweusi, Orpheus McAdoo, lilishuka Cape Town, na waimbaji Waafrika wa huko wakapata moyo mpya. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Alifariki mwaka 1905. Mwaka 1912 wimbo wake uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano wa kwanza wa chama cha Waafrika. Na mwaka 1961 Tanganyika ikaufanya wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Ndugu zangu, wimbo huo ulitoka kwa mwalimu wa shule ndogo!

Chuoni nilifundishwa kwaya ya sauti nne, kila sauti na njia yake. Ni elimu njema. Lakini bibi zetu wana aina nyingine: mmoja hutoa, wengine huitikia, na makofi ndiyo ngoma. Afrika Kusini wafanyakazi walizichanganya mbili hizo. Mwaka 1939 Solomon Linda na wenzake walitia wimbo wa Mbube katika santuri, na aina nzima ya kwaya za wanaume ikapewa jina hilo. Hawakuikataa elimu ya wageni, wala hawakuitupa ya kwao.

Basi, mzee wangu, jibu langu ni hili: umesema kweli. Sare tuziache. Kwaya ivae nguo zake za kila siku, ijifunze nyimbo za akina mama wanaotwanga na za wazee wanaolima, izunguke vijijini kwa kiingilio kidogo. Kila senti iandikwe na kusomwa mbele ya mkutano huu. Siku paa litakapoezekwa, kwaya iimbe chini yake, mvua ikinyesha. Habari za sare tutazizungumza baadaye.