Njia Fupi ya Meli ya Mafuta

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu zangu tuliokula pamoja maharage ya bweni: nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini. Nitasema juu ya meli za mafuta, na nitakiri kosa langu moja.

Twendeni kwanza Indonesia, nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000. Mafuta ghafi ya Sumatra hupakiwa Dumai, lakini viwanda vya kusafishia mafuta viko pia Cilacap, katika kisiwa cha Java, na Balikpapan, huko Kalimantan. Meli ianzie wapi? Bandari zikiwa 5, kuna namna 120 za kuzipanga. Zikiwa 10, namna zafika 3,628,800. Mtakumbuka Mwalimu wa Hesabu alivyotutoa jasho kwa somo hilo, nasi tukinong'ona kwamba halina faida!

Wataalamu wamehangaika nalo siku nyingi. Mwaka 1954 Wamarekani wawili, Dantzig na Fulkerson, waliandika juu ya kutimiza ratiba ya meli za mafuta kwa kutumia meli chache iwezekanavyo. Kinachokula fedha ni safari tupu. Meli ikishateremsha mafuta, kurudi kwake hakulipi. Basi mpangaji hutafuta shehena nyingine iliyo karibu na pale meli ilipomalizia. Mwendo nao una hesabu yake: ukipunguzwa kutoka maili 14 za bahari kwa saa hadi 12, mafuta yanayochomwa na mitambo katika safari ile ile hupungua kwa karibu robo. Lakini si kila shehena hungoja. Mafuta ghafi ya Minas, huko Sumatra, yana nta nyingi, nayo huganda hata kwenye joto la kwao, hivyo hupashwa moto melini njia nzima.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikapewa kupanga safari za meli ndogo iliyopeleka mafuta visiwani. Hayo yalikuwa dizeli, si mafuta ghafi, lakini hesabu ni ile ile. Nilipata njia fupi kabisa, nikajisifu. Kumbe kisiwa chenye gati la maji haba nilikiweka cha kwanza, meli ikiwa imejaa, tena siku za maji mafu! Ikatia nanga nje siku nne ikingojea bamvua. Jenereta za kisiwa zikazimika. Hospitali wakawasha karabai.

Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, aliporudi alikuja ofisini na karatasi yangu mkononi. Hakufoka. "Mwanangu," akasema, "umeandika vizuri. Ila mwezi hukuutazama."

Safari iliyofuata nilianza na gati lenye kina, meli iteremshe nusu ya shehena, ndipo iende kule kwingine ikiwa nyepesi. Njia ilirefuka kwa saa kadhaa, na mkubwa wangu akanitaka nijieleze kwa maandishi. Nahodha aliisoma ratiba mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama chai ipo.