Soketi yenye matundu ya USB

Wengi mmeuliza kuhusu soketi za ukutani zenye matundu ya USB, zile unazochomekea waya wa simu bila kichwa cha chaji.

Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachoshusha volti 240 mpaka volti 5 za simu. Kifaa hicho kinakula nafasi. Boksi likiwa fupi nyaya hubanwa, ganda linapasuka. Kwa nyumba ya udongo, tafuta boksi lenye kina la kubandika juu ya ukuta, msichimbe.

Zima swichi kuu, si ya soketi peke yake, kisha hakikisha kwa testa. Waya wa kahawia au mwekundu uende L, wa buluu au mweusi uende N, wa kijani na njano kwenye alama ya athi. Kaza skrubu, halafu vuta kila waya uone. Uliolegea unachemka, na sisi tunalala chini ya turubai, mlango kwa mlango. Kama hujawahi kushika nyaya, mwachie fundi.

Wenye sola, soketi hiyo si yenu. Inahitaji volti 240, na paneli ya volti 12 haifiki hapo hata kwenye jua kali. Nunueni tundu la USB la gari, mliunge kwenye betri kwa kupitia fyuzi.

Soketi ikinuka au ikiwa ya moto, usiiguse. Kimbilia swichi kuu.