Flapu za Manifoldi katika Injini za Dizeli
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa gereji katika mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme juu ya ugonjwa mmoja wa magari ya dizeli ambao unawatia mafundi wetu katika ugomvi na wenye magari, na hata na waajiri. Ni ugonjwa wa flapu zilizomo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Siwezi kusema habari za kila gari, maana hatutamaliza leo. Nitashika injini za Kijerumani za namna tatu: M47 na M57 za BMW, OM642 ya Mercedes, na ile ya lita 2.0 TDI ya Volkswagen. Ninyi mnaotengeneza petroli tu, vumilieni kidogo.

Kwanza tujue kazi ya flapu, maana fundi asiyejua kazi ya kitu hubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka mwenye gari achoke. Katika injini hizi kila silinda ina njia mbili za hewa. Njia moja iko wazi siku zote. Ya pili ina flapu, yaani kibamba kidogo kinachogeuka juu ya mhimili wake. Injini ikienda polepole flapu hufunga, hewa ikapita njia moja kwa kasi na kuingia katika silinda ikizunguka. Mzunguko huo huchanganya hewa na dizeli vizuri. Dereva akikanyaga mafuta, flapu hufunguka ili injini ipate hewa tele. Kinachozisukuma ni mota ndogo ya umeme, au katika injini nyingine kopo linalovutwa kwa nguvu ya kufyonza hewa, kwa kupitia fimbo nyembamba.

Adui yake ni masizi. Vali ya EGR hurudisha moshi kidogo katika manifoldi, na mvuke wa oili nao huja kutoka ndani ya injini. Viwili hivyo vikikutana hufanya uji mweusi, mzito kama lami. Tena magari mengi tunayoyapokea yamekwisha tumika ng'ambo, kwa kuwa sheria yetu yaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Mwenye gari husema ni jipya, kumbe lami limekuja nayo melini.

Dalili zenyewe mnazijua. Taa ya injini huwaka. Gari hujifunga nguvu, likapanda Mai Mahiu kama punda mwenye mzigo. Moshi mweusi hutoka. Flapu zikikwama zimefunga, injini hukosa pumzi kwenye mwendo wa juu. Zikikwama wazi, huwa nzito mwendo wa chini na hutetemeka asubuhi ikiwa baridi. Lakini dalili hizi pia ni za turbo, za bomba la hewa lililopasuka na za EGR. Kwa hiyo msikimbilie kufungua.

Unganisheni mashine ya kusoma hitilafu. Namba P2004 maana yake flapu zimekwama wazi; P2006 zimekwama zimefunga; P2015 maana yake sensa ya mahali pa flapu inatoa habari isiyo katika kipimo chake. Namba si hukumu, ndugu zangu. Ni shahidi tu, na shahidi huulizwa. Iamrisheni mashine isogeze flapu, nanyi tazameni fimbo kwa macho. Ikiwa mota yazunguka na fimbo haisogei, kiungo kimechomoka au kimevunjika. Ikiwa fimbo yasogea nusu, lami limo. Ikiwa haisogei kabisa, chomoeni fimbo, mgeuze mhimili kwa vidole: ukigeuka kwa ulaini, kosa liko katika mota, nyaya au soketi. Katika zile za kopo, tumieni pampu ya mkono yenye saa. Kopo lisiloshika mvuto lina tundu, na mara nyingi tundu lenyewe liko katika bomba la mpira la bei ndogo sana.

Sasa Volkswagen. P2015 yake husababishwa mara nyingi na kulika kwa mkono wa plastiki na mahali unapogota. Ukilika, mkono hupita mpaka wake, na sensa hulalamika. Kuna kipande cha chuma kinachouzwa cha kuuzuia usipite. Ni dawa nzuri ikiwa flapu zageuka kwa ulaini. Zikiwa zimekwama, kipande hicho ni kufunika kidonda kinachooza.

Mercedes ina hila yake. Mota ya flapu imelala katikati ya V ya injini, chini ya turbo. Mpira wa kuzibia mdomo wa turbo ukikauka, oili huvuja na kuidondokea mota mpaka inakufa. Fundi anayeweka mota mpya bila kubadilisha mpira ule atamwona mwenye gari tena. Wako wanaofunga rezista ya kilo-omu 4.7 katika soketi ili kuidanganya kompyuta. Taa huzimika, kweli. Lakini mahali zilipo flapu hapajulikani, na oili bado yadondoka. Mimi nasema hiyo ni njia ya kulifikisha gari nyumbani, si matengenezo ya kutozea watu fedha.

BMW ndiyo ya hatari. Katika M47 na M57 za zamani flapu ni za chuma, na mhimili wake mwembamba huweza kukatika. Kibamba au skrubu ikianguka humezwa na silinda. Vali zikapindika, pistoni ikatobolewa, na vipande vyaweza kufika katika turbo. Hapo injini nzima imekwenda. Hizi nakubali ziondolewe, matundu yazibwe kwa vizibo vyake, vya milimita 22 au 33 kwa kadiri ya injini. Injini itapungukiwa kidogo mwendo wa chini, na mwenye gari aambiwe hivyo mbele.

Manifoldi isisafishwe ikiwa juu ya injini. Ifungueni, mzibe matundu ya silinda kwa vitambaa safi, na hesabuni flapu kabla ya kitu kingine chochote: M47 iwe na 4, M57 iwe na 6. Ikipungua hata moja, injini isiwashwe mpaka kipande kionekane. Manifoldi ya plastiki haichomwi moto. Losheni kwa dawa ya kuyeyusha lami, ng'oeni kwa brashi laini, suuzeni, kausheni kabisa. Tieni gasketi mpya, mkaze boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, halafu mashine ifundishwe upya mipaka ya flapu.

Jambo la afya: petroli isitumiwe kuoshea. Masizi yasipulizwe kwa hewa ya kompresa usoni. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyoleta saratani. Glavu na kitambaa cha pua si anasa, na mwajiri atakiwe avitoe.

Mwisho ni habari ya makato. Injini ikifa baada ya gari kutoka gereji, fundi huambiwa, "Wewe uliangusha kitu ndani." Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Kumbukeni, la makusudi. Tena makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Lakini sheria yataka ushahidi, na ushahidi wenu ni kadi ya kazi. Andikeni hesabu ya flapu mlizozikuta, hali yake, na mipasuko, kabla ya kuosha. Pigeni picha kwa simu. Mwenye gari akitaka rezista au flapu ziondolewe, atie sahihi yake mwenyewe, si karani kwa niaba yake.

Nipo tayari kwa maswali, ila ya mishahara ya mwezi huu mpelekeeni Katibu.